Kushika usukani wa boti ukiwa umelewa Florida: sheria inasemaje, na ufanye nini ukisimamishwa

Hakuna jimbo la Marekani lenye boti nyingi zilizosajiliwa kuliko Florida, na hakuna anayekuzuia kupakia bia ndani ya boti yako. Abiria anaruhusiwa kunywa. Kopo lililofunguliwa linaweza kukaa mbele ya askari asiseme neno, jambo ambalo ndani ya gari ni kosa. Ruhusa hiyo ndiyo inayowaponza wengi, hasa wageni wanaokodi boti ya siku moja Miami, Tampa au Key West: wanadhani kisichokatazwa kwa abiria hakikatazwi kwa nahodha. Kifungu cha 327.35 cha sheria za Florida kinamchukulia nahodha mlevi karibu sawa na dereva mlevi. Kwenye hati ya mashtaka kosa lake huandikwa BUI, kifupi cha “boating under the influence”, yaani kuendesha chombo cha majini ukiwa umelewa.

Mwongozo huu ni wa Florida tu. Majimbo mengine yana viwango na adhabu zao.

Nani anahesabiwa kuwa anaendesha

Sheria haimtafuti aliyeshika usukani peke yake. Inamtaja pia aliye na mamlaka juu ya chombo, na mwenye jukumu la usalama wake au la kukiongoza kinapokuwa safarini. Hata anayeshika usukani wa boti inayovutwa na boti nyingine anahesabiwa. Kwa hiyo mwenye boti aliyelewa, akimkabidhi shemeji yake usukani huku yeye akiendelea kutoa amri, hajajitoa kwenye hatari. Na mgeni anayepewa usukani “dakika mbili tu” ili apigwe picha, kwa dakika hizo mbili ni nahodha kamili.

Chombo nacho kimeelezwa kwa upana: kila kinachoweza kubeba mtu au mzigo majini kimo, isipokuwa ndege ya majini. Pikipiki ya maji imo. Kayaki ya kupiga kasia nayo haijatolewa.

Kutia nanga si kinga ya uhakika. Mtu anayekunywa akiwa na ufunguo kwenye swichi, bila mtu mwingine wa kuirudisha boti, ni rahisi kumwonyesha mahakamani kuwa ndiye aliyekuwa na chombo mikononi mwake. Cha busara ni kumteua nahodha wa kurudi kabla friji haijafunguliwa, na huyo asiguse pombe kabisa. Hakikisha anatimiza masharti: aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baadaye anatakiwa kuwa na kadi ya mafunzo ya usalama wa boti ili aendeshe chombo chenye injini ya nguvu-farasi 10 au zaidi. Ambaye hana kadi anaweza kufanya mtihani wa cheti cha muda, kinachotumika kwa siku 90. Tukiwa wakweli, boti nyingi za kukodi zina mtu mmoja tu mwenye kadi, na mara nyingi ndiye anayeshika chupa wa kwanza.

Kiwango, na namna ya kukihesabu

Kikomo ni gramu 0.08 za pombe katika mililita 100 za damu, au katika lita 210 za pumzi. Kwa aliye chini ya miaka 21 kikomo ni 0.02, yaani karibu na sifuri. Anayefanya kazi kwenye chombo cha biashara hubanwa na sheria ya shirikisho kwa 0.04, na haruhusiwi kunywa ndani ya saa 4 kabla ya zamu. Mabaharia wa Mombasa au Zanzibar wanaopita bandari ya Miami walizoea kiwango cha STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambacho tangu 2012 ni 0.05 kwenye damu, au miligramu 0.25 kwa lita moja ya pumzi. Wakiwa kwenye maji ya Marekani kiwango kinachowabana ni kile cha chini zaidi.

Usidhani kwamba chini ya 0.08 uko salama. Mwendesha mashtaka ana njia mbili za kuthibitisha kosa: ama kipimo, ama kuonyesha kuwa uwezo wako wa kawaida ulipungua, yaani kuona, kusikia, kutembea, kuongea, kukadiria umbali na kuamua wakati wa dharura. Ukipima 0.05 au chini yake, sheria inaanza kwa kudhani hukuwa umelewa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kati ya 0.05 na 0.08 hakuna dhana yoyote. Kila kitu kinategemea alivyokuona askari na video inavyoonyesha. Dawa za kulevya zimo kwenye kifungu hichohicho, na hata dawa uliyoandikiwa na daktari inaweza kuwa kosa ikiwa iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa na imekupunguzia uwezo.

Sasa hesabu. Kinywaji kimoja cha kipimo cha Marekani kina gramu 14 za pombe halisi: kopo la bia la mililita 355 lenye asilimia 5, au mvinyo mililita 150, au pombe kali mililita 45. Hapa ndipo aliyekulia kwenye chupa za nyumbani anapopotea. Safari ya mililita 500, yenye asilimia 5.5, ina karibu gramu 22, yaani kinywaji kimoja na nusu. Glasi ya ramu iliyomiminwa kwa jicho kwenye boti inayoyumba inaweza kuwa vinywaji vitatu.

Mwanamume wa kilo 80 anayekunywa makopo manne ya bia kwa saa mbili hufika takriban 0.07. Mwanamke wa kilo 60 akinywa matatu tu kwa muda huohuo hufika karibu 0.10. Hayo ni makadirio ya kikokotoo. Tumbo tupu hukipandisha kiwango haraka zaidi. Mwili huondoa takriban 0.015 kwa saa, wala kahawa, supu ya pilipili na kuogelea haviharakishi chochote. Aliyelala saa nane usiku akiwa na 0.15 ataamka saa mbili asubuhi bado ana karibu 0.06, na kama ndiye nahodha wa safari ya kuvua, tayari yuko mahali ambapo sheria haimkingi.

Kuna jambo ambalo kikokotoo hakilioni. Jua, upepo, kelele za injini na mtikisiko wa mawimbi kwa saa kadhaa huchosha mwili na kupunguza wepesi wa kutenda hata kwa mtu ambaye hajaonja pombe. Ndiyo maana kiasi kilekile cha bia humlegeza mtu zaidi majini kuliko barazani. Askari anayepima uwezo wa kawaida anaona jumla ya vyote viwili.

Boti ya askari ikikusogelea

Tangu tarehe 1 Julai 2025 askari wa Florida, wakiwemo wale wa tume ya samaki na wanyamapori inayojulikana kama FWC, hawaruhusiwi kukusimamisha kwa ukaguzi wa vifaa vya usalama peke yake. Ni lazima wawe na sababu ya msingi ya kuamini kuna kosa. Usifurahi sana, kwani sababu hazikosekani: kupita kwa kasi kwenye eneo la kuwalinda nguva, taa kutowashwa baada ya jua kuzama, mtoto wa chini ya miaka 6 asiyevaa jaketi la kuokolea kwenye boti ya chini ya futi 26 inayotembea. Zaidi ya hayo, Walinzi wa Pwani ni wa shirikisho, na sheria hiyo ya jimbo haiwahusu; wao wanaweza kupanda botini kukagua bila kuona kosa lolote. Karibu na tarehe 4 Julai doria huongezeka kila mwaka kwa kampeni ya Operation Dry Water iliyoanza 2009.

Ukionyeshwa taa ya bluu, punguza mwendo, weka gia huru, na waambie abiria wakae chini. Toa jina, kitambulisho, usajili wa boti na kadi ya mafunzo. Swali la “umekunywa ngapi leo?” huna wajibu wa kulijibu. Jibu la adabu kwamba ungependa kuzungumza na wakili kwanza linatosha. Wengi hujibu “mbili tu”, na jibu hilo huandikwa kwenye ripoti kama kukiri.

Kwa kuwa boti inayumba, vipimo vya kutembea kwenye mstari vinavyotumika barabarani havifai hapa. Majini hutumika vinne vinavyofanywa umekaa. Cha kwanza ni macho: unafuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa, naye anatazama mboni zinavyotetemeka. Cha pili ni kugusa ncha ya pua kwa ncha ya kidole cha shahada, macho yamefumbwa, mara sita kwa mpangilio anaoutaja: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto. Cha tatu, kiganja kimoja kinatazama juu, kingine unakipiga juu yake mara kwa upande wa ndani, mara kwa upande wa mgongo wa mkono, huku ukihesabu moja, mbili, na kuongeza kasi. Cha nne ni mfululizo wa ngumi, makofi na kurudisha mikono kwa hatua zenye namba.

Kinachoangusha watu kwenye vipimo hivi si ulevi peke yake. Kuanza kabla hujaambiwa ni alama dhidi yako. Kuacha kabla hujaambiwa ni alama. Kutohesabu kwa sauti ni alama. Maelekezo yanatolewa kwa Kiingereza cha haraka, injini inanguruma, na mtu asiyekizoea hukosa nusu yake. Kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, sema mapema na kwa uwazi kabla ya kuanza, ili kamera ya askari irekodi. Sema pia kama una jeraha la mkono, tatizo la macho au la sikio. Ukisema baadaye mahakamani litaonekana kuwa limebuniwa.

Kukataa vipimo hivi vinne si kosa la jinai, ingawa mahakama za Florida zinaruhusu kukataa kwako kutajwa kama ushahidi. Usivichanganye na kipimo cha pumzi.

Kipimo cha pumzi na gharama ya kukikataa

Kwa kuendesha chombo kwenye maji ya Florida tayari umehesabiwa kuwa umekubali kupimwa ukikamatwa kihalali. Kipimo kinachotegemewa mahakamani hufanyika baada ya kukamatwa, kwa mashine iliyoidhinishwa. Kabla yake kuna dakika 20 za kukutazama: usile, usinywe, usitapike. Ukicheua, mwambie mtazamaji, kwa sababu pombe iliyorudi kinywani hupandisha namba na dakika 20 zinapaswa kuanza upya. Sampuli mbili huchukuliwa ndani ya dakika 15, na tofauti yake isizidi 0.020. Nakala ya matokeo na kumbukumbu za ukaguzi wa mashine ndivyo vitu vya kwanza ambavyo wakili atavitaka. Una haki pia ya kupata kipimo chako mwenyewe kwa mtaalamu wa afya na kwa gharama yako, mradi ukiombe.

Damu ni suala jingine. Kwa kawaida haichukuliwi bila ridhaa au hati ya mahakama. Mambo hubadilika mtu anapokufa au kujeruhiwa vibaya, au anayeshukiwa anapokuwa hospitalini na kupima pumzi hakuwezekani.

Zamani ushauri wa mitaani ulikuwa “kataa kila kitu”. Ushauri huo umepitwa na wakati. Kukataa kulikuwa na faini ya kiraia ya dola 500, na bado ipo. Unaweza kuomba kusikilizwa na jaji wa kaunti ndani ya siku 30. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, kwa sheria iitwayo Trenton’s Law, hata kukataa kwa mara ya kwanza ni kosa la jinai la daraja la pili, lenye kifungo cha hadi siku 60. Kukataa tena baadaye kunapanda hadi daraja la kwanza, kifungo cha hadi mwaka mmoja. Tena unaweza kushtakiwa kwa kukataa na kwa ulevi kwa pamoja.

Saa za kwanza baada ya kukamatwa

Hutaachiwa kwa sababu ndugu amefika na pesa tu. Sheria inataka litimie moja kati ya mambo matatu: uwezo wako uwe umerudi, au kiwango kiwe chini ya 0.05, au ziwe zimepita saa 8 tangu ukamatwe. Usipoachiwa, utapelekwa mbele ya jaji ndani ya saa 24, naye ndiye atakayepanga dhamana.

Boti inabaki majini, na hapo ndipo gharama ya kwanza huzuka. Kama kuna abiria mzima mwenye kadi, mwombe askari amruhusu kuirudisha. Asipokuwepo, boti huvutwa na bili ni yako. Kwa boti ya kukodi soma mkataba, kwani bima nyingi zina kipengele cha ulevi, na ukiwa ndani yake utalipa uharibifu wote mfukoni.

Usilomwambia askari usimwambie jamaa kwa simu ya mahabusu, inarekodiwa. Usiyeweza kumlipa wakili jaza fomu ya kuomba wakili wa umma, ada yake ni dola 50. Mkalimani wa Kiswahili aombwe mapema kwa karani, kwa kuwa si kila kaunti ina mmoja karibu na kesi huahirishwa kwa kumsubiri.

Hukumu

Kosa la kwanza ni faini ya dola 500 hadi 1,000 na kifungo kisichozidi miezi 6. Juu yake kuna uangalizi wa kuripoti kila mwezi, kozi ya matumizi ya vilevi, saa 50 za kazi za jamii, na boti kuzuiliwa siku 10 kwa gharama yako. Gharama za mahakama huongezwa.

Ukiwa na 0.15 au zaidi, au ukiwa na abiria wa chini ya miaka 18, mizani inahama: faini ya kosa la kwanza huanzia dola 1,000 hadi 2,000 na kifungo kinafika miezi 9. Safari ya familia, yenye watoto botini, huingia moja kwa moja kwenye fungu hili hata kwa 0.08.

Kosa la pili ni dola 1,000 hadi 2,000 na kifungo hadi miezi 9. Likitokea ndani ya miaka 5 ya hukumu ya kwanza, siku 10 za jela ni lazima, na boti huzuiliwa siku 30. La tatu ndani ya miaka 10 linakuwa kosa kubwa la jinai, kwa kifungo hadi miaka 5. Siku 30 ni lazima na boti huzuiliwa siku 90. La nne ni kosa kubwa hata kama yaliyotangulia yana umri wa miaka 25.

Hukumu ya boti haifungi leseni yako ya gari Florida. Watu huishia hapo na kushusha pumzi. Wanasahau kwamba hukumu za gari na za boti huhesabiwa pamoja: aliyepatikana na hatia barabarani miaka mitatu iliyopita, akikamatwa leo na boti, anasimama mahakamani kama mkosaji wa mara ya pili.

Palipo na madhara adhabu hupanda ghafla. Kuharibu mali au kumjeruhi mtu kidogo ni hadi mwaka mmoja jela. Jeraha baya ni kosa kubwa, hadi miaka 5. Kifo ni hadi miaka 15, na kisichopungua miaka 4 lazima kitumikiwe. Hufika miaka 30 kwa aliyekimbia bila kutoa taarifa na msaada, na tangu Oktoba 2025 pia kwa aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo cha namna hiyo. Kwa hiyo baada ya ajali, hata ukiwa umelewa chakari, simama, okoa aliye majini, ita chaneli 16 ya redio au piga 911. Ajali yenye majeruhi, kifo, mtu kupotea au uharibifu wa dola 2,000 na zaidi lazima itolewe taarifa papo hapo. Kuokoa watu na kutaja ajali ilipo si sawa na kueleza ulikunywa nini.

Kama si raia wa Marekani

Kwa msomaji mwenye viza au kadi ya ukaazi, faini ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Ukikamatwa una haki, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963, ubalozi wako ujulishwe. Kwa Mtanzania, Marekani ina wajibu wa kuujulisha hata asipoomba. Mkenya aombe mwenyewe.

Kosa la kwanza la pombe, bila majeruhi wala dawa za kulevya, kwa kawaida halitoshi peke yake kumfukuza mkaazi. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, iliyohusu Mhaiti aliyehukumiwa Florida kwa kuendesha gari amelewa na kujeruhi watu, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuliita kosa hilo uhalifu wa ukatili, aina ya kosa linaloweza kumfukuzisha mkaazi. Lakini viza ni jambo jingine. Tangu 2015 wizara ya mambo ya nje inaweza kuifuta kwa kukamatwa tu kwa kosa la namna hii, kabla mahakama haijasema lolote. Kwa anayeomba uraia, tangu 2019 hukumu mbili za kuendesha ukiwa umelewa ndani ya kipindi kinachochunguzwa hukufanya udhaniwe kuwa huna mwenendo mwema. Uamuzi huo ulihusu magari. Usijenge ombi lako juu ya matumaini kwamba afisa ataona boti ni tofauti.

Kabla ya kukiri kosa ili kesi iishe haraka, mwulize wakili wa jinai swali moja kwa maandishi: hukumu hii itagusa vipi uhamiaji wangu? Tangu kesi ya Padilla ya 2010 ana wajibu wa kukushauri. Kesi ikiisha, hata kwa kufutwa, nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ulikokamatwa uchukue nakala mbili za uamuzi zenye muhuri, kwa sababu fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, si kama ulihukumiwa tu. Kama mwendesha mashtaka hakufungua kesi kabisa, karani hatakuwa na faili. Hapo omba barua kutoka ofisi ya mwendesha mashtaka.